Mgomba Hauchagui

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Speciosa huenda kuisalimia migomba yake. Watu wa Kabuhinga wanalijua jambo hilo, na wamelicheka mpaka wamechoka. Anatoka na jembe begani. Anapita kati ya mashina, akiukata mgomba huu jani lililokauka, akiuwekea ule nguzo ya kuutegemeza. Na anaongea nayo.

"Wewe umeshiba mvua ya jana? Na wewe, mbona unainama kama umetoka kilabuni?"

Kabuhinga ni kijiji kidogo karibu na Murusagamba, wilayani Ngara. Ukisimama kileleni unaiona Burundi ng'ambo ya bonde. Barabara yake ni mbaya. Mvua ikinyesha, pikipiki haipandwi, inasukumwa. Lakini udongo wake! Ukichomeka fimbo jioni, usishangae ikichipua. Hapo ndipo Speciosa alipoolewa, akazaa, akafiwa na mume. Alibaki na mwanawe Audax, na shamba la migomba ambalo hata padre akija huuliza habari zake.

Mwaka huo alikuwa na furaha mpya. Nice, mke wa Audax, alikuwa mjamzito. Mjukuu wa kwanza alikuwa njiani!

Kwao Speciosa kuna desturi moja. Mzazi akijifungua, hupikiwa ndizi za mkungu uliokatwa na mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe. Hatumwi mtu, wala mkungu haununuliwi sokoni. Speciosa alikuwa amekwisha kuuchagua mkungu huo. Ulikuwa kwenye mgomba mmoja ulioko karibu na mpaka wa zahanati. Ulikuwa bado unajaza, lakini tayari ulikuwa mnene kiasi cha kuliinamisha shina.

"Huu ni wa Nice," aliwaambia wapita njia. Waliokuwa na haraka zao aliwasimamisha, awaambie nao.

Watu walipomuuliza siri ya shamba lake, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Mgomba hauchagui. Ukiupa maganda, unakula. Ukiupa samadi, unakula. Ukiupa jivu, unakula na kuomba tena. Nyumbani kwangu hakuna taka. Kuna chakula cha mgomba tu."

Na jivu alilipata kwa wingi. Nyuma ya zahanati ya kijiji palikuwa na shimo la wazi. Taka zote za zahanati zilichomwa humo. Mhudumu wa zahanati aliitwa Ciza. Ciza naye alikuwa mtu wa migomba, na mtu wa migomba hawezi kupata usingizi akijua jivu linakaa bure. Shimo lilipojaa, alilichota jivu kwa koleo, akalipakia kwenye toroli, akalisukuma mpaka kwa jirani yake.

"Mama Audax! Chakula kimefika!"

"Karibu, Ciza, karibu! Mwaga pale, kwenye mkungu wa Nice."

Ciza alirudi zahanati na toroli tupu na chane ya ndizi mbivu. Huo ndio ujirani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeangalia vizuri kilichokuwa ndani ya toroli.

Jumamosi moja Speciosa aliingia shambani na nguzo mpya kwa ajili ya mkungu ule. Alikuwa amevaa kandambili zake za kila siku. Alipokanyaga jivu ili aisimike nguzo, kitu kilimchoma. Kilipita kwenye kandambili, kikaingia mguuni.

"Mama weee!"

Alikaa chini, akavua kandambili. Kitu chembamba, cheusi, kilikuwa kimesimama kwenye soli. Mkiani kilikuwa na plastiki iliyoyeyuka. Alikitazama vizuri. Ilikuwa sindano. Alitazama jivu lililomzunguka. Akaona nyingine. Na nyingine tena.

Nice alisikia ukelele, akaja mbio. Alikuwa peku, na tumbo lake mbele.

"Simama hapo hapo!" Speciosa alifoka. "Usisogeze mguu! Kuna kitu kikari!"

Alitaka kusema "kikali". Lakini Speciosa akihamaki, r na l hubadilishana viti kinywani mwake. Siku nyingine Nice angecheka. Siku hiyo hakucheka, maana mama mkwe wake hakuwahi kumfokea hata siku moja.

Speciosa alitoka pale polepole, akipima kila hatua. Alipofika kwenye njia alianza kuukamua mguu kwa nguvu.

"Niletee mafuta ya taa, mwanangu. Na kitambaa."

"Mafuta ya taa ya nini, mama?" alisema Audax, ambaye naye alikuwa amefika. "Zahanati si ile pale? Twende."

Aliing'oa sindano kutoka kwenye kandambili kwa kipande cha mti, akaitumbukiza kwenye kopo. Kisha akambeba mama yake mgongoni. Speciosa alimpiga piga begani akisema anajua kutembea, lakini hakushuka.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Biubwa Kombo. Alikuwa bado mgeni. Kwao ni Biharamulo mjini, na babu zake walitoka pwani zamani wakifuata biashara ya vitambaa. Mpaka leo nduguze wana duka karibu na soko. Biubwa alikuwa mwepesi wa mikono, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuja na mguu mmoja, wa pili nimeletewa."

Biubwa hakupoteza muda. Aliuweka mguu chini ya bomba, akaufungulia maji, akauosha kwa sabuni. Aliosha kwa muda mrefu.

"Umeukamua?"

"Nimeukamua sana, damu mbaya itoke."

"Siku nyingine usikamue, mama. Kukamua hakutoi ugonjwa, kunaumiza nyama tu. Usinyonye. Usipake mafuta ya taa, wala jivu, wala utomvu. Sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kisha kimbilia kwenye huduma. Umechomwa na nini?"

Audax alimwonyesha lile kopo. Biubwa alichungulia ndani. Uso wake ukabadilika.

"Mmeipata wapi?"

"Shambani kwangu," alisema Speciosa. "Kwenye jivu analoniletea Ciza."

Biubwa alivuta pumzi ndefu. "Basi hii ni yetu," alisema. "Imetoka hapa kwetu."

Speciosa aliuliza swali ambalo kila mtu mle ndani alikuwa analiogopa.

"Nitaugua?"

"Nitakuambia kweli yote," alisema Biubwa, akavuta stuli, akakaa karibu naye. "Sindano iliyotumika inaweza kuwa na damu ya mtu mwingine. Damu hiyo inaweza kubeba virusi vya UKIMWI, au homa ya ini. Na udongo unaweza kukupa pepopunda. Sindano hii imepita kwenye moto, kwa hiyo hatari ni ndogo. Lakini ndogo si sawa na hakuna, na sisi hatubahatishi. Pepopunda nitakuchoma sindano sasa hivi. Halafu Audax atakupeleka kituo cha afya. Nampigia daktari simu akusubiri. Watakupima, na watakupa dawa za kuzuia. Dawa hizo huanzwa mapema, isipite siku ya tatu. Utazimeza kila siku kwa mwezi mzima. Hata ukijisikia mzima, usiache. Baadaye utapimwa tena, na tena."

Speciosa alisikiliza yote. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo Audax hakuwahi kuisikia kwa mama yake.

"Mtoto akizaliwa, nitaruhusiwa kumpakata?"

Biubwa aliishika mikono ile.

"Utampakata mpaka aombe kushushwa. Magonjwa haya hayaambukizwi kwa kupakata, mama. Wala kwa kula pamoja, wala kwa kusalimiana."

Machozi yalimtoka Speciosa, na hakuyaficha. Alijifuta kwa ncha ya kitenge. Na alipokwisha kujifuta, akawa Speciosa yule yule.

"Na ule mkungu wa Nice?"

"Ndizi ziko juu, hazina kosa lolote. Mtazila. Hatari iko chini, kwenye miguu na mikono. Lakini upande ule wa shamba asiingie mtu mpaka tupasafishe. Wewe pia, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuwe na pahali salama pa kulipeleka lile jivu. Kwa sasa hatuna."

Speciosa alihesabu kichwani. Mimba ya Nice haikuwa imebakiza miezi mingi. Mkungu nao haukuwa umebakiza miezi mingi. Kama shamba halingesafishwa kwa wakati, mjukuu angezaliwa, na mama yake angepikiwa ndizi za sokoni. Tangu enzi za bibi yake jambo hilo halijatokea.

Wakati Audax anawasha pikipiki nje, Speciosa alikuwa kwenye benchi la kibarazani. Alimsikia Ciza ndani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

"Sista, mimi nilidhani moto unamaliza kila kitu."

"Karatasi inaungua," alisema Biubwa. "Plastiki inayeyuka. Sindano ni chuma. Moto wa shimo la wazi unaipaka weusi tu. Na ule moshi wa plastiki na madawa ni sumu, tunauvuta sisi na wagonjwa wetu."

"Nimemuua Mama Audax!"

"Hujamuua mtu. Na usijibebeshe mzigo wote. Nilipofika hapa nililiona shimo lile. Nikasema, nikishazoea kazi nitalishughulikia. Kumbe kazi ilikuwa hiyo. Kosa ni letu sote, na tutalirekebisha sote."

Speciosa aligonga dirisha.

"Ciza! Usilie, hujanizika bado. Nikirudi, toroli lako nitakuvisha kichwani!"

Ndani Biubwa akaangua kicheko, na Ciza naye akacheka huku akipenga kamasi.

Wiki ile ile mkutano wa kijiji uliitishwa uwanjani mbele ya zahanati. Kamati ya zahanati ilikuwepo. Bwana afya wa kata, kijana mrefu aitwaye Wiston, alikuja na futi ya kupimia. Speciosa alikaa mbele kabisa. Dawa zake alikuwa amekwisha kuzianza. Zilimletea kichefuchefu kidogo, lakini hazikumzuia kusema.

"Mimi sina maneno mengi," alianza, na watu wakacheka, kwa sababu walimjua. "Nataka shamba langu. Mjukuu anakuja, na mkungu wake umefungiwa. Niambieni mtafanya nini."

Wiston alisimama.

"Mama ana haki. Sheria inasema taka za zahanati ni mzigo wa zahanati mpaka mwisho. Hazigawiwi, haziuzwi, hazichukuliwi na mtu, hata jivu lake. Tutalifukia lile shimo la wazi na kulifunika vizuri. Badala yake tutajenga mambo matatu. La kwanza ni kichomea taka cha matofali, chenye bomba refu la moshi. Moto wake ni mkali na umefungwa. La pili ni shimo la majivu, limejengwa kwa saruji na lina mfuniko. Majivu na sindano zilizoungua zitaingia humo, na hazitatoka tena. La tatu ni shimo la kondo la nyuma. Yote yatakuwa ndani ya uzio, na lango litafungwa kwa kufuli. Yatakuwa mbali na chemchemi, na mbali na nyumba za watu."

"Na ndani ya zahanati?" mtu mmoja aliuliza.

Biubwa alikuwa amejitayarisha. Alipanga ndoo tatu juu ya meza, na boksi gumu la manjano.

"Taka huchambuliwa pale pale zinapozaliwa," alisema. "Ndoo nyeusi ni ya taka za kawaida, kama karatasi na maganda. Ndoo ya njano ni ya vitu vilivyomgusa mgonjwa, kama pamba, bandeji na glavu. Ndoo nyekundu ni ya vitu vilivyolowa damu, na kondo. Na hili ni boksi la sindano, tunaliita sefti boksi. Nikishamchoma mtu, sindano inaingia humu moja kwa moja. Siirudishii kifuniko chake, maana hapo ndipo wauguzi wengi hujichoma. Boksi likifika robo tatu, tunalifunga. Hatulishindilii."

Speciosa alizitazama ndoo zile, akatikisa kichwa.

"Kumbe! Ninyi mnachambua taka kama mimi ninavyochambua mbegu za maharage."

"Ndivyo hivyo, mama. Lililooza moja likichanganyika na mazima, umeharibu kikapu chote."

Mzee mmoja aliinua mkono. "Sista, mimi najichoma sindano za kisukari nyumbani. Huwa nazitupa chooni."

"Usizitupe chooni, baba. Ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifunge kwa kizibo, uniletee hapa."

"Na dawa zilizopita muda?"

"Hatuzichomi wenyewe, wala hatuzifukii. Tunazitenga na kuzirudisha wilayani, ziteketezwe kwa utaratibu."

Lakini Speciosa alikuwa amebaki nyuma, kwenye jambo la tatu la bwana afya. Alikuwa amekunja uso.

"Ngoja kwanza. Kondo la mjukuu wangu litupwe shimoni? Kwetu kondo huzikwa kwenye mgomba. La Audax nililizika mimi mwenyewe. Mtoto asipozikiwa kitu nyumbani, atajuaje kwao?"

Wanawake wengi waliitikia. Lilikuwa swali lao pia. Wiston alikuna kichwa, akamtazama Biubwa.

Biubwa alimgeukia Speciosa.

"Mama," alisema, "kondo lina damu nyingi. Likifukiwa juu juu, mbwa analifukua, na maji ya mvua yanaibeba ile damu mpaka kwenye chemchemi. Ndiyo maana tunaliweka kwenye shimo refu lenye mfuniko. Halitupwi, linahifadhiwa kwa heshima. Lakini nikuulize. Mtu akitaka kusema kwao ni wapi, anasemaje? Anasema kondo langu limezikwa wapi?"

Speciosa alifikiri. "Hapana. Anasema kitovu changu kimezikwa wapi."

"Basi! Kitovu si taka ya zahanati. Mtoto anaondoka nacho hapa. Kinakauka chenyewe, kinadondoka chenyewe nyumbani. Msikipake kitu, si mafuta, si jivu. Kikidondoka, ni chenu. Kizikeni mnapopenda, na mimi mnialike."

Uwanja mzima ulicheka na kupiga makofi. Speciosa alijaribu kununa kidogo zaidi, akashindwa.

"Haya," alisema. "Kondo ni lenu, kitovu ni chetu. Sasa nani anachimba?"

Audax ndiye aliyeanza kuchimba. Wengine walifyatua matofali, wengine walisomba mchanga na mawe. Halmashauri ilileta saruji na fundi aliyekijua kichomea taka. Wanawake walipika maharage na mihogo, na Speciosa, aliyekatazwa kubeba, alisimamia kazi ya watu ambao hawakumwomba awasimamie. Alizimeza dawa zake kila siku mpaka mwezi ukaisha. Alipopimwa tena, majibu yalikuwa mazuri. Bado kipimo kimoja, kile cha mwisho.

Kichomea taka kilipokamilika na uzio ukasimama, ilibaki kazi ya shambani. Nice alikuwa sasa anatembea kwa kujishika kiuno. Mkungu nao ulikuwa umekomaa. Ungekaa zaidi, ungeivia mgombani.

Asubuhi ya kazi, Ciza na Biubwa walifika wamevaa mabuti ya mpira, glavu nene na aproni. Walikuwa na reki, koleo, chekeche na ndoo za mfuniko. Hawakugusa jivu kwa mkono hata mara moja. Walilikwangua pamoja na udongo wa juu, wakalichekecha, wakazikusanya sindano kwa koleo la mkono la chuma. Jivu lote liliingia kwenye ndoo, ndoo zikaenda kwenye shimo la majivu.

Speciosa alisimama njiani, akitoa amri.

"Taratibu! Huo ni mzizi! Biubwa, unakanyaga chipukizi! Kwani Biharamulo mjini migomba hamuijui?"

"Tunaijua, mama," alijibu Biubwa, jasho likimtiririka. "Tunaijua ikiwa kwenye sahani!"

Walikuwa wamebakiza sehemu moja tu, sehemu ya mkungu wa Nice, Audax alipotokea mbio.

"Sista! Nice amepata uchungu! Tumemfikisha zahanati!"

Biubwa aliiacha reki papo hapo, akaondoka akivua glavu. "Ciza, malizia! Mimi nanawa, nakwenda kwake!"

Speciosa alibaki amesimama. Moyo wake ulikuwa zahanati, na macho yake yalikuwa kwenye mkungu. Alitaka kwenda, alitaka kubaki.

"Nenda, Mama Audax," alisema Ciza.

"Nikienda mikono mitupu, Nice atapikiwa nini? Kwangua, Ciza! Kwangua, mwanaume!"

Ciza alikwangua. Alikwangua kama mtu aliye na deni la moyo. Hakuharakisha. Alizunguka shina, akachekecha, akarudia kuchekecha. Mara mbili Speciosa alimwambia inatosha, na mara mbili Ciza alisema bado. Mwishowe alisimama wima, akavua mabuti yake, akayaosha kwa maji ya dawa, akamsogezea.

"Pamekuwa safi. Lakini vaa haya. Wewe si wa kukanyaga tena bila viatu vya kueleweka."

Mabuti yalikuwa makubwa. Speciosa aliingia nayo shambani akiburuza miguu kama bata. Alifika kwenye mgomba wake. Aliushika shina, akaunong'oneza jambo ambalo Ciza hakulisikia. Kisha akainua panga.

Alipofika zahanati na mkungu kichwani na mabuti ya Ciza miguuni, alisikia sauti kutoka chumba cha uzazi. Ilikuwa sauti ndogo, kali, yenye hasira za mtu aliyeamshwa usingizini.

Biubwa alitoka akiwa na kifurushi cheupe mikononi.

"Msichana. Na mama yake ni mzima."

Speciosa alitua mkungu chini, akanawa mikono kwa sabuni mpaka Biubwa akamwambia sasa utajichubua. Kisha akampokea mjukuu wake. Alimpakata. Hakusema neno, na hiyo ilikuwa ajabu ya pili ya siku ile.

Jioni Nice alikula ndizi za mkungu wa mama mkwe.

Kitovu kilipodondoka, walikizika kwenye shina la mgomba ule ule. Mgomba mama ulikuwa umekwisha kukatwa, lakini chipukizi lake lilikuwa linapanda vizuri. Biubwa alialikwa, akaja, na safari hii hakukanyaga kitu.

Baada ya muda kipimo cha mwisho kilitoka. Speciosa alikuwa mzima, hana tatizo lolote. Alipiga vigelegele pale pale kwenye kituo cha afya, mpaka wagonjwa wakatoka nje kuangalia harusi. Jumapili iliyofuata mtoto alibatizwa, akaitwa Anneth. Nyumbani palipikwa ndizi na nyama, na pombe ya ndizi kwa wanaokunywa, na chai ya maziwa kwa Biubwa na wasiokunywa.

Katikati ya sherehe, Ciza aliingia uani. Begani alikuwa na gunia. Alilitua miguuni pa Speciosa, akalifungua.

Ndani lilijaa jivu.

Watu waliacha kutafuna. Mwanamke mmoja alisogeza kiti nyuma. Audax alisimama.

"Jamani, tulieni!" alisema Ciza, akiinua mikono yote miwili. "Ni la jikoni kwangu. La kuni tupu! Mke wangu amelichekecha mara mbili. Nimesema nisije kwa mtoto mikono mitupu, niurudishie mgomba wake chakula nilichouharibia."

Speciosa alimtazama Ciza. Alilitazama gunia. Kisha akamwomba Nice amshike mtoto, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amevaa mabuti ya mpira, mapya, ya kwake mwenyewe. Mkononi alikuwa na reki. Akalichokonoa lile jivu, juu mpaka chini, kushoto na kulia, huku amekunja uso kama hakimu. Watu walianza kucheka kidogo kidogo. Alipomaliza walikuwa wamejishika mbavu, na Ciza alicheka kuliko wote.

"Safi," alitangaza Speciosa.

Wakalibeba wote pamoja, wakiimba, mpaka kwenye chipukizi la Anneth. Ciza alimwaga. Biubwa alisimama pembeni na kikombe chake cha chai.

"Mama," alisema, "si unasema mgomba hauchagui?"

"Hauchagui," alijibu Speciosa, akilisawazisha jivu kwa buti lake jipya. "Ndiyo maana nauchagulia mimi."